Valvu ya kuingiza hewa kwenye hita ya maji

Baridi ya Mbeya ya mwezi Juni na Julai imeifanya hita ya umeme kuwa kifaa cha kawaida katika nyumba mpya za mjini, na kila ninapotembelea jirani anayejenga, hutazama kwanza bomba la maji baridi linaloingia kwenye hita yake. Mara nyingi nakuta valvu ya usalama peke yake, bila ile ya kuingiza hewa. Valvu hiyo ni ya lazima, lakini hufunguka kuelekea nje mgandamizo unapozidi; mgandamizo ukishuka ndani ya tenki, haisaidii kitu.

Jambo hili linatugusa zaidi sisi tunaoishi kwenye miteremko. Maji yanapokatika na bomba likawa wazi huko chini, maji yanayoshuka huyavuta yale yaliyomo kwenye hita, hasa ile inayojazwa kupitia chini. Hewa ikipata upenyo kwenye koki ya maji moto, tenki hukauka, na umeme ukiwa bado umewashwa, elementi, yaani kipande kinachopasha maji, huungua. Hewa ikikosa pa kupita, ndani hubaki ombwe, yaani nafasi isiyo na hewa, na hewa ya nje huanza kulikandamiza tenki lililoundwa kuhimili msukumo wa kutoka ndani. Hapa kwetu, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani. Hata hivyo, ombwe likiwa kamili, uzito wa hewa ya nje huzidi tani 8 kwa kila mita ya mraba. Tenki jembamba la shaba haliwezi kustahimili hali hiyo.

Kinga yake ni valvu ya kuingiza hewa, ambayo hufunguka kuelekea ndani mgandamizo wa tenki unaposhuka. Huwekwa kwenye bomba la maji baridi, kati ya koki kuu ya hita na hita yenyewe, pasipo koki nyingine katikati, na isimame angalau sentimita 15 juu ya kilele cha tenki. Kwa hita zetu zinazotundikwa karibu na dari, hilo humlazimu fundi kulipandisha bomba hadi darini kabla ya kulishusha, kazi ambayo wengi huikwepa ingawa ndiyo yenye maana kuliko zote. Valvu huweza kuvuja kidogo inapozeeka, kwa hiyo isikae juu ya nyaya za umeme.

Kazi ikiisha, umeme ukiwa umezimwa, fundi afunge koki ya maji baridi na kufungua ya maji moto iliyo chini ya hita. Hewa isikike ikiingia kwenye valvu; isiposikika, valvu ifunguliwe na kukaguliwa kabla fundi hajalipwa.