Tulivyorudisha sala katika jumuiya yetu baada ya ugomvi wa rambirambi

Mkatoliki wa Tanzania hahitaji kuelezwa jumuiya ndogo ndogo ni nini, kwa kuwa humo ndimo anamosali, anamotoa michango, anamotafuta uthibitisho anapotaka kumbatiza mtoto, na ndimo watakamotoka watu wa kumzika. Maaskofu wa AMECEA, yaani umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1976 na kutilia mkazo ujenzi wa jumuiya hizi, walikuwa wanalenga Kanisa la watu wanaofahamiana kwa majina na wanaosali nyumbani kwa mmoja wao kila wiki. Ukaribu huo ni neema kubwa, lakini ndio pia unaofanya ugomvi wa jumuiya uume kuliko ugomvi wa parokia nzima, kwa sababu mtu uliyekosana naye huwezi kumkwepa. Wiki ijayo ibada iko kwake. Naandika namna jumuiya yetu hapa Songea ilivyotoka katika ugomvi wa aina hiyo, nikiwa mwenyekiti wake, kwa kuwa naamini zipo jumuiya nyingine zilizokwama pale pale tulipokuwa tumekwama sisi.

Chanzo kilikuwa fedha za rambirambi. Mmoja wa wazee wetu alifariki dunia, tukachanga kama ilivyo desturi, na baada ya maziko mjane akasema kwamba alichokabidhiwa hakikulingana na kilichotangazwa msibani. Mweka hazina alijibu kwamba alikabidhi vyote. Kila mmoja alikuwa na ndugu, majirani na watu waliosimamiwa naye ubatizo au ndoa, kwa hiyo haikuchukua muda jumuiya ikawa imegawanyika pande mbili, nami nilichaguliwa kuiongoza katika hali hiyo.

Jambo lililonisumbua kuliko fedha zenyewe ni jinsi ugomvi ulivyoingia ndani ya sala. Wakati wa maombi, mama mmoja wa upande wa mjane aliinamisha kichwa na kusema kwa sauti ya upole kabisa: «Ee Bwana, uwakumbuke wajane wanaodhulumiwa na watu wanaoshika rozari mkononi.» Sote tukaitikia, «Ee Bwana, twakuomba utusikie.» Mweka hazina, ambaye rozari ilikuwa mkononi mwake wakati huo, aliikunja taratibu na kuitia katika mkoba. Wiki iliyofuata maombi yalitoka upande wa pili, safari hii kwa ajili ya «wenye ndimi zinazoua kuliko upanga». Tuliitikia tena. Nimewahi kusikia vijembe vya kila aina katika maisha yangu, kisimani, sokoni na hata katika vikao vya harusi, lakini kijembe kinachopitishiwa kwa Mungu kina ubaya wake wa pekee, kwa kuwa kinamlazimisha kila aliyepo kukiitikia, na anayelengwa hana namna ya kujibu bila kuonekana anaikatiza ibada.

Kwa hiyo hatua yangu ya kwanza haikuwa kupatanisha watu. Ilikuwa kuilinda sala. Nilizungumza na kamati, tukakubaliana kwamba kwa muda, maombi ya ibada yataandaliwa na familia mwenyeji pamoja na katibu, na kwamba anayetaka kumwombea mtu atamtaja kwa jina na kwa jambo ambalo mtu huyo mwenyewe angependa kuombewa. Wapo walionilaumu kwamba nawafunga watu midomo mbele ya Mungu. Niliwajibu kwamba chumbani mwako una uhuru wa kumlilia Mungu kwa maneno yoyote, hata ya uchungu, na Zaburi zimejaa vilio vya namna hiyo. Lakini sala ya pamoja ni ya wote, na haifai kumtumia ndugu yako kama shabaha huku ukimwomba aseme amina.

Baada ya hapo niliifuata sura ya 18 ya Injili ya Mathayo, ambayo nilikuwa nimeisikia tangu utoto bila kuzingatia mpangilio wake. Sote tunaupenda mstari wa 20, wa wawili watatu waliokusanyika kwa jina la Yesu, na tunautaja kila watu wanapokuwa wachache kwenye ibada. Ukiusoma mahali ulipo, utaona kwamba mbele yake yapo maagizo ya kumwendea ndugu aliyekukosea, kwanza wewe na yeye peke yenu, kisha pamoja na mmoja au wawili, na ndipo liambiwe kanisa. Na mara tu baada yake Petro anauliza asamehe mara ngapi, akajibiwa saba mara sabini. Ahadi ya sala imekaa katikati ya kuonyana na kusameheana. Sisi tulikuwa tumeanza na hatua ya mwisho, yaani kuliambia kanisa, tena kwa mafumbo.

Nilikwenda kwa mjane peke yangu, nikamsikiliza jioni nzima bila kumshauri chochote. Nilikwenda pia kwa mweka hazina. Huko nilikaribishwa kwa «Tumsifu Yesu Kristo» ya haraka, na kabla sijakaa vizuri akaniletea daftari la michango. Ukurasa wa msiba ule ulikuwa umeandikwa kwa kalamu mbili tofauti, majina kwa bluu na jumla kwa nyeusi, na pembeni palikuwa na neno «gari» bila kiasi. Nilimwuliza, «Mama, hili gari ni lipi?» Akasema ni gari lililoleta mwili kutoka hospitali, na kwamba shemeji wa mjane ndiye aliyeagiza lilipwe kutoka katika mchango. Jambo hilo lilithibitishwa baadaye na shemeji mwenyewe. Lakini hata ukitoa gari, hesabu haikufika. Alinyamaza, kisha akaniambia kwamba sehemu iliyobaki aliitumia kumlipia mwanawe ada, akitarajia kuirudisha baada ya mavuno, na maneno yalipoanza kusemwa aliona aibu kukiri.

Hapo ndipo ilipotokea hoja ngumu kuliko zote. Tulipokutana na wazee wawili, mmoja wao alisema kwamba mjane akisamehe basi asidai, kwa kuwa yule mfalme wa mfano wa Mathayo alifuta deni la talanta elfu kumi. Namheshimu sana mzee huyo, ila nilimpinga, na ningempinga tena leo. Mfalme alifuta deni lake mwenyewe, kwa fedha zake mwenyewe. Sisi hatukuwa na haki ya kusamehe kwa niaba ya mjane, wala kumwomba asamehe ili sisi tupumzike na kelele. Mweka hazina mwenyewe ndiye aliyetutoa katika mabishano kwa kusema atalipa, na alilipa kwa mahindi baada ya mavuno, magunia yaliyopimwa kwa bei ya siku ile mbele ya katibu. Mjane aliyapokea. Msamaha aliutoa siku nyingine, kwa hiari yake, bila kusukumwa na mtu.

Katika kipindi hicho hicho nilihudhuria mafungo huko Peramiho, kwa watawa wa Kibenediktini ambao wamesali mahali pale tangu mwaka 1898. Padre aliyetuongoza alitueleza jambo lililo katika Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, sura ya 13, iliyoandikwa karne ya 6. Benedikto anaagiza kwamba Masifu ya Asubuhi na ya Jioni, yaani sala za pamoja za watawa, yasimalizike kabisa bila mkuu wa monasteri kusali Sala ya Bwana yote kwa sauti, wote wakisikia, kwa sababu ya miiba ya makwazo ambayo huota kila mara kati ya watu wanaoishi pamoja. Nilifarijika mno. Watawa, waliojitoa kwa Mungu maisha yao yote, nao wanatazamiwa kukwazana kila siku, na dawa waliyopewa ni ahadi ya kusameheana iliyomo katika sala hiyo, wanayoisikia asubuhi na jioni.

Tuliichukua desturi hiyo na kuirekebisha. Katika ibada zetu Baba Yetu ilikuwa inasaliwa kwa kasi, kama mlango unaofungwa ili watu watoke. Tukakubaliana kwamba mwenyeji aianze peke yake, taratibu, na afikapo «utusamehe makosa yetu, kama tunavyowasamehe na sisi waliotukosea», anyamaze kidogo kabla wote hatujaendelea pamoja. Mwanzoni ukimya ule ulikuwa mzito, watoto wakawa wanageuka kutazama kulikoni. Ni katika ibada iliyofanyika nyumbani kwa mweka hazina, baada ya ukimya huo, ndipo alipopiga magoti akamwomba mjane msamaha kwa kumtaja jina na kulitaja kosa, bila kulipunguza. Padre alikuwa amekwisha kumwungamisha, lakini yeye mwenyewe alisema kwamba katika Misa tunaungama kwa Mungu Mwenyezi «nanyi ndugu zangu», na ndugu walikuwa hawajasikia. Mjane naye aliomba radhi kwa kuwahusisha watoto wa mwenzake katika maneno aliyoyatangaza mtaani.

Siku hizi rambirambi huhesabiwa pale pale msibani mbele ya wanafamilia wawili, ikaandikwa na kutiwa saini kabla kapu halijaondolewa. Mweka hazina aliacha nafasi yake, na uchaguzi uliofuata mjane ndiye aliyempendekeza aongoze rozari ya mwezi Oktoba. Nilimwuliza kwa faragha kama ana amani na jambo hilo, akanijibu, «Fedha sitampa ashike, Mwenyekiti, lakini kwenye sala nakaa naye.» Nililipenda jibu hilo kwa ukweli wake.

Familia moja, iliyoumizwa zaidi na yale maombi ya mafumbo kuliko na fedha, ilihamia jumuiya ya jirani na haijarudi. Ninawatembelea, tunazungumza vizuri, na sijawaomba warudi, kwa kuwa mama aliyesema maneno yale bado hajakwenda kuwaona. Nimemwambia hivyo, na ameniomba nimsindikize.