Majino, kitwa na darasa la Alhamisi

Juzi mpwa wangu, ambaye atatimiza miaka mitatu mwezi wa kumi na mbili, alikua amekaa barazani kwa mamangu hapa Kibokoni, Mombasa, kashika shavu, mara akasema "bibi, majino yauma". Nikaacha kukuna nazi nikamwangalia. Manake nyumbani kwetu hakuna mtu asemaye majino, si mimi, si babake, si bibi yake, na hapa hakua ataka kusema meno makubwa makubwa, meno yenyewe ni yale ya punje za mchele. Sasa kalitoa wapi? Kalitengeza mwenyewe jamani. Ashasikia jina na majina, jani na majani, jembe na majembe, kichwa chake kikachuja kanuni humo ndani, akaichukua akaipeleka kwenye jino. Hakuna aliyemkalisha chini kumsomesha ngeli. Kuna mtaalamu wa Marekani, Jean Berko, mwaka wa 1958 aliwaonesha watoto picha ya kadude alikokapa jina la kubuni, wug, halafu akawauliza vikiwa viwili vyaitwaje, na watoto wengi wakalifanya wingi wa Kiingereza sawasawa ijapokua ilikua haiwezekani waliwahi kulisikia popote. Mpwa wangu kafanya mtihani huo bila mtu kumtahini.

Lakini kilichonishika zaidi ni vile mamangu alivojibu. Hakucheka, wala hakumwambia umekosea, wala sema vizuri. Alimvuta akasema, "Meno yakuuma, mamangu? Hebu asama nione. Meno ya juu au ya chini?" Na mtoto akajibu "meno ya chini". Basi, yakapita, wakaendelea na habari ya jino.

Nimelifikiria jambo hilo wiki nzima kwa sababu Alhamisi jioni huwa nasomesha Kiswahili watu wazima, ukumbi mmoja mdogo kule Tudor, watu kumi na wawili kumi na watatu hivi, wengi ni wa bara waliokuja kikazi. Na watu wazima wakikosea huku kwetu hawajibiwi kama alivojibiwa mpwa wangu.

Kwanza niseme ya masikio, manake wanafunzi wangu hudhani wao ni wazito wa kuelewa na sivo. Kimvita chetu, yaani Kiswahili cha Mombasa, kina paa la nyumba na paa yule mnyama, na hatuyatamki sawa, ya mnyama ile p ina pumzi, ukiweka mkono mbele ya mdomo utaihisi. Vivo hivo kaa la moto na kaa wa baharini. Mimi nikiyasema darasani wanaangaliana, wanasema mwalimu umesema neno moja mara mbili. Si ujinga wala si dharau. Kule Canada, Janet Werker na Richard Tees mwaka wa 1984 waliandika kwamba watoto wa miezi sita hadi minane waliozaliwa kwenye nyumba za Kiingereza waliweza kutofautisha sauti za Kihindi ambazo wazazi wao wenyewe hawazisikii, halafu wakifika miezi kumi hadi kumi na miwili wengi wao uwezo ule washaupoteza. Yaani mtoto huja duniani yuko tayari kwa lugha yoyote, awe wa Likoni au wa Beijing, na kabla hajafunga mwaka sikio lake lishachagua sauti za watu wa nyumbani na kuanza kuziacha zingine. Kwa hivo mtu wa miaka thelathini na tano akishindwa kusikia tofauti ya paa na paa, sikio lake lilimaliza kazi hiyo zamani kabla hata hajatembea. Anaweza kuipata tena kwa mazoezi, nimeona, lakini itachukua muda na mtu wa kumrudilia bila kuchoka.

Na hapo kwa mtu ndipo pana kitu. Patricia Kuhl na wenzake huko Seattle, utafiti wao ulitoka mwaka wa 2003, walichukua watoto wa miezi tisa wa nyumba za Kiingereza wakawasikilizisha Kichina vikao kumi na viwili. Kundi moja lilikua na mtu wa kweli, anacheza nao, anawasomea, anawaangalia machoni. Wengine waliwekewa watu wale wale lakini kwa TV, au sauti tu. Waliokua na mtu wakazishika zile sauti. Wa TV hawakushika kitu. Nikiona mtoto wa miezi kumi hivi kwenye matatu kapewa simu ya katuni safari nzima kutoka Bamburi mpaka Posta roho yaniuma, simlaumu mama, kachoka, lakini yule mtoto pengine yuko kwenye miezi ile ile sikio linachagua na hakuna mtu anayemjibu.

Sasa tuje kwa wakubwa. Huwa tunasema mtoto ndiye ashikaye haraka, mkubwa ashapitwa. Si kweli hivo moja kwa moja. Mwaka wa 1978 Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle waliandika juu ya watu wa Kiingereza waliohamia Uholanzi, na katika miezi ya mwanzo waliotangulia walikua vijana wa miaka kumi na mbili hadi kumi na tano pamoja na watu wazima, na wa nyuma kabisa walikua watoto wa miaka mitatu hadi mitano. Mkubwa ana akili ya kushika kanuni. Mtoto baadaye humpita kwa matamshi, hilo ndio, lakini mwanzoni mkubwa si mnyonge. Anachokosa mkubwa ni ile miaka miwili mitatu ambayo mtoto hupewa kukosea kila siku kila saa na watu bado wanamfurahia.

Nna mwanafunzi mmoja ni nesi, ametoka Kisii, huu mwaka wake wa pili Mombasa. Alipokuja mara ya kwanza alikaa nyuma, kimya, wiki tatu. Kiswahili cha shule anacho, alikisoma mpaka fomu foo. Shida ni kwamba siku moja alienda sokoni akamwambia muuzaji "nataka samaki mzuri, hii imeoza", na watu wa pale wakacheka, mmoja akamuigiza, halafu muuzaji akamalizia kuzungumza naye kwa Kiingereza. Tangu siku hiyo akiwa kazini na mgonjwa wa makamo anamuita mwenzake azungumze. Nesi mzima, anajua kazi yake, anaogopa kufungua mdomo kwa sababu ya "hii" na "huyu".

Sisi watu wa Mombasa tuna kosa hapa na nalisema wazi. Tunajivunia lugha, na tuna haki, lakini tumefanya kicheko ndio ada ya kuingilia. Mtu akisema "kitu mzuri" tunacheka kwanza, tunajibu baadae, na saa zingine hatujibu kabisa.

Na mimi haya nayajua kutoka upande wa pili. Nilipokua darasa la tatu niliandika insha nikasema "bibi alikua aumwa na kitwa". Kitwa, kama tunavosema nyumbani. Mwalimu akapiga mstari mwekundu, akalisoma kwa sauti darasa zima wakacheka, akasema hicho si Kiswahili. Mwaka wa 1928 wawakilishi wa serikali za kikoloni walikutana hapa hapa mjini Mombasa wakaamua Kiunguja, Kiswahili cha Zanzibar, ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, kwa hivo vitabuni ni kichwa, macho, njia, nasi nyumbani twasema kitwa, mato, ndia. Sina ugomvi na sanifu, ndicho nisomeshacho. Lakini mtoto wa miaka tisa hajui habari za mkutano wa 1928, anachojua ni kwamba bibi yake amechekwa. Muhula ule sikunyanyua mkono tena.

Kwa hivo darasani kwangu nimejaribu kuiga alivofanya mamangu barazani. Yule nesi akisema "mwalimu, kitabu yangu imepotea", simkatizi, nauliza, "Kitabu chako kimepotea? Kilipotelea wapi?" Mara ya kwanza alinijibu "imepotea kwa matatu". Sikusema kitu, tukaendelea. Wiki mbili baadae, kitu kingine kabisa, kikombe, akasema "kimevunjika" akatulia kidogo, akajisikia mwenyewe, akatabasamu. Siku ile nilienda nyumbani na furaha sana.

Kitu kingine nilichofanya niliacha kuwapa zile karatasi za kujaza mapengo kila wiki. Pale nje ya ukumbi kuna mama anayeuza viazi karai na bajia, nikazungumza naye, nikamuomba kitu kimoja tu, watu wangu wakija usiwajibu kwa Kiingereza hata wakihangaika, wangoje. Akasema "kwani mimi nna haraka gani, mafuta yenyewe bado hayajapata moto". Basi nawatuma wawili wawili, waende wanunue, waulize bei, waombe ukwaju uongezwe, waulize viazi vya leo ni vya wapi. Yule mama huwangoja. Mtu akikwama anamwangalia tu na mwiko wake mkononi, uso mkunjufu, mpaka neno litoke. Kuna fundi mmoja wa magari alikwama kwenye "niongezee" akarudi mara nne, ya nne ikatoka, akaongezewa bajia mbili za bure.

Alhamisi ilopita nesi alikuja mapema na daftari. Akaniambia zamu ya usiku alibaki peke yake na bibi mmoja mzee wa Mji wa Kale, na hakua na wa kumuita. Akamuuliza mwenyewe, "bibi, unasikiaje?" na bibi akamjibu, "mwanangu, kitwa chaniuma tangu jana, na mato hayaoni sawa". Akasema hakuelewa mara ya kwanza, akamuomba arudie, na bibi akarudia polepole huku akijigusa kichwa na macho. Akampima presha, ilikua juu sana, akamuita daktari.

Halafu akanifungulia daftari, ameyaandika yale maneno mawili kwa kalamu ya bluu, kitwa, mato, na mbele ya kila moja ameweka alama ya kuuliza.

"Mwalimu, hii ni makosa ama niyaache?"

Nikamwambia yaache, na uongeze ndia hapo chini.