Ukitaka kumjua mpishi wa Kiitaliano, agiza cacio e pepe

Menyu ya mgahawa mdogo wa Kiitaliano hata iwe ndefu vipi, siku ya kwanza agiza tambi yenye vitu vichache kuliko zote. Kwenye mapishi ya Roma hiyo ni cacio e pepe: tambi, jibini la pecorino na pilipili manga, basi. Haina nyama wala nyanya ya kumfichia mpishi makosa yake.

Ikiletwa, itazame kwanza. Sosi iwe kama uji mwepesi ulioshika kila uzi wa tambi. Ukiona mabonge meupe yananata kwenye uma na maji yametuama chini ya sahani, ujue jibini lilitiwa kikaango kikiwa bado motoni. Jibini likipata joto kali, protini zake hukazana, likaachana na maji na mafuta yake. Hapo hata ukoroge vipi halirudi. Anayeijua kazi huepua kikaango, husubiri kidogo, ndipo anatia jibini lililokunwa laini kabisa pamoja na maji ya kuchemshia tambi. Wanga uliomo kwenye maji hayo ndio unaozuia mabonge.

Kisha ng'ata uzi mmoja, uangalie palipokatika. Kinukta cheupe katikati, kidogo kama ncha ya sindano, ni sawa, ndiyo al dente yenyewe, yaani imeiva lakini bado ina ugumu kidogo ikitafunwa. Cheupe kikiwa kikubwa na kina ladha ya unga, haijaiva. Zikiwa zimevimba na kulegea, huenda zilichemshwa mapema zikapashwa tu.

Na usingoje sahani za wenzako. Hii huganda ndani ya dakika chache. Ikishaanza kukaza, kijiko kimoja cha maji ya moto, ukigeuza haraka, huilegeza.

Tambi nyingine ya Roma ni carbonara, nayo haina krimu. Ulaini wake watoka kwenye viini vya mayai na pecorino, na mafuta ni ya guanciale, yaani nyama ya shavu la nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi. Krimu humwokoa mpishi anayehofia mayai kugandamana, lakini hufunika ladha ya pilipili na jibini, na mimi naona ni hasara kubwa.

Kwa asiyekula nguruwe, uliza hata pale menyu inapokaa kimya. Amatriciana, tambi ya sosi ya nyanya, ina guanciale hiyohiyo, na ragù, yaani sosi ya nyama, mara nyingi huchanganya ng'ombe na nguruwe ingawa menyu huandika "ragù" tu. Wasiokula nyama kabisa nao wafahamu kwamba pecorino ya Roma na jibini la parmigiano hugandishwa kwa kimeng'enya kitokacho tumboni mwa mnyama.

Kiasi nacho huwashangaza watu. Sahani ya tambi Italia ni gramu 80 hadi 100 zikiwa kavu, kwa sababu ni primo tu, yaani sahani ya kwanza, na nyama au samaki hufuata kama secondo, sahani ya pili. Hiyo secondo huja peke yake. Mboga ni contorno, yaani kitu cha pembeni, huagizwa na kulipiwa mbali. Ukisahau kuiagiza, utaletewa kipande cha nyama kwenye sahani tupu, na mhudumu hana kosa.

Ukiwa Italia, kwenye bili unaweza kukuta neno coperto. Ni malipo ya kukaa mezani, huhesabiwa kwa kichwa, na kiasi chake huandikwa kwenye menyu. Kisome kabla hujaagiza.