Wewe na Yeye Peke Yenu

Neno la wiki: "Na ndugu yako akikukosa, enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu, akikusikia, umempata nduguyo." (Mathayo 18:15)

Wapendwa, Bwana asifiwe. Wiki hii tukae na kazi ambayo viongozi wengi huikwepa mpaka ioze: kumwonya mtu unayemsimamia. Mwalimu wetu msaidizi, msishangae, ni roboti.

Anaitwa Data, mhusika wa Star Trek: The Next Generation, tamthilia ya Marekani iliyorushwa kuanzia 1987 hadi 1994. Ana umbo la mwanadamu, na ni wa tatu kwa cheo katika chombo cha anga kiitwacho Enterprise. Katika "Gambit", hadithi ya sehemu mbili ya mwaka 1993, Nahodha Picard anadhaniwa amekufa, msaidizi wake Riker ametekwa, na uongozi unamwangukia Data. Anamteua Worf, shujaa wa vita asiye na subira, awe msaidizi wake. Worf hakubaliani na maamuzi ya bosi mpya, na wala hafichi: anayahoji mbele ya wafanyakazi wote.

Data hamvai palepale. Anamwita ofisini kwa nahodha, wanabaki wawili. Anamweleza kwamba kazi ya kwanza ya msaidizi ni kutekeleza uamuzi wa nahodha. Anakiri pia kwamba kuleta mawazo mbadala ni sehemu ya kazi hiyohiyo, ila uamuzi ukishatoka, pingamizi lolote liletwe faraghani. Kisha anampa njia ya kutokea: kama Worf anaona nafasi hiyo haimfai, afisa mwenzao Geordi La Forge ataichukua, na hakuna doa litakaloandikwa kwenye kumbukumbu zake za utumishi. Worf anaomba kubaki.

Tazama alichokiacha. Hakusema "wewe kila siku uko hivi". Hakufukua makosa ya miaka iliyopita, wala hakusema "watu wanalalamika juu yako", sentensi ambayo humfanya mtu atoke ofisini akiwatafuta wasaliti badala ya kulitafakari kosa lake. Alitaja tendo moja, akaeleza linagusa nini, akasema anachotaka kuanzia sasa. Na ile njia ya kutokea ilikuwa ya kweli. Viongozi wengi husema "kama huwezi, sema", huku sauti ikiwa imeshasema "thubutu".

Paulo anaiita kazi hii kurejeza: "mrejezeni upya mtu kama huyo kwa roho ya upole, ukijiangalia nafsi yako usije ukajaribiwa wewe mwenyewe" (Wagalatia 6:1). Neno la Kigiriki lililotumika hapo ndilo lililotumika katika Marko 1:19, wana wa Zebedayo walipokuwa chomboni wakizitengeneza nyavu zao. Mvuvi hatengenezi wavu kwa kuupigapiga mwambani. Huutandaza, huutafuta uzi uliokatika, huushona huo, na mingine huiacha.

Sasa mgeukie Michael Scott, meneja katika toleo la Marekani la The Office, tamthilia ya vichekesho vya ofisini, lililoanza mwaka 2005. Katika sehemu ya pili kabisa, Michael ameigiza kazini utani wa mchekeshaji uliowaudhi watu kwa habari ya rangi. Kampuni inaleta mkufunzi, na ofisi nzima inaketishwa kufundishwa. Mwishoni inajulikana kwamba sahihi pekee iliyohitajika ni ya Michael. Wengine waliketishwa ili yeye asionekane amelengwa. Matokeo? Hakujitambua hata kidogo. Alianzisha mafunzo yake mwenyewe siku ileile, akaishia kupigwa kofi na mfanyakazi ambaye yeye Michael alikuwa ameidhihaki asili yake. Kosa la mmoja likihubiriwa kwa wote, wasio na hatia huondoka wamejeruhiwa, na mwenye kosa huitikia "amina" kuliko wote akidhani anasemwa jirani. Mnaoandika "baadhi yetu tumekuwa tukichelewa" kwenye kundi la WhatsApp la kazini, hapo ndipo mlipo.

Basi ifanyikeje? Omba kwanza, dakika tano zatosha, na uombe hasa kuhusu nia: unataka kumpata ndugu, au unataka kushinda? Ukiona bado mikono inatetemeka kwa hasira, lala usiku mmoja. Usizidishe siku mbili, maana kumbukumbu huchujuka na kila upande hubaki na toleo lake. Andika mistari mitatu kwenye karatasi: kilichotokea na siku yake, kilimgusa nani, unataka nini kibadilike. Mstari wa kwanza uwe kitu ambacho kamera ingekiona. "Ulimkatiza mteja mara tatu katika kikao cha Jumanne" kamera ingekiona. "Una dharau" isingekiona, hiyo ni hukumu yako.

Mkishaketi, soma mstari wa kwanza, halafu uliza swali moja: "Wewe ulilionaje?" Kisha nyamaza kweli. Hapa ndipo wengi huharibu. Ukimya wa sekunde kumi unawatisha, wanaanza kuujaza kwa kujieleza, na aliyeitwa anajifunza kwamba swali lilikuwa pambo. Mithali 18:13 haina huruma hapo: "Yeye ajibuye kabla hajasikia, ni upumbavu na aibu kwake." Mara nyingine utasikia jambo litakalofuta mstari wako wote wa pili, kwa mfano kwamba maagizo uliyoyatoa wewe yalipingana. Futa, na uombe radhi.

Dakika 15 hadi 20 zinatosha. Zikizidi, ujue umeongeza jambo la pili. Na acha ule mtindo wa kuficha onyo katikati ya sifa mbili. Msikivu mwenye hofu husikia onyo tu, mwenye kiburi husikia sifa tu, na baada ya muda watu huanza kuogopa kusifiwa na wewe. Sifa ipewe siku yake.

Kabla hajainuka, pangeni tarehe ya kuonana tena, baada ya wiki mbili hivi. Hiki ndicho kipande kinachosahauliwa zaidi, na Ted Lasso, kocha wa soka katika tamthilia yenye jina lake, anatuonyesha gharama yake. Katika msimu wa pili wa mwaka 2021, Nate, mtunza vifaa aliyepandishwa kuwa kocha msaidizi, anamdhalilisha mchezaji Colin. Kocha Beard anamwonya kwa maneno machache, na Nate anaomba radhi mbele ya timu. Kila mtu anapumua. Lakini hakuna anayerudi kuuliza ule ukali ulitoka wapi, na muda si muda Nate anamgeuzia Will, kijana aliyeshika kazi yake ya zamani, asiye na nguvu ya kujitetea. Mwisho wa msimu Nate anavujisha siri ya Ted kwa mwandishi wa habari. Ted anapendwa na wengi, nami naona anastahili, ila upole wake ulimsalimia kila mtu mlangoni na haukumfuata Nate chumbani.

Kuna atakayeuliza: mbona Paulo alimpinga Petro mbele ya wote (Wagalatia 2:11-14)? Kwa sababu wengine walikuwa wameshavutwa kwenye kosa lile, hata Barnaba. Kanuni yangu ni kwamba kama kosa limewapotosha wengine, jambo lisahihishwe hadharani na mtu arejezwe faraghani. "Utaratibu tuliotangaza jana haukuwa sahihi, sahihi ni huu" inatosha kikaoni, bila jina.

Tena msilitumie Mathayo 18 kama pazia. Wizi, unyanyasaji wa kingono na uzembe unaohatarisha uhai vina taratibu zake, na aliyeumizwa asilazimishwe kwenda "peke yake" kwa aliyemuumiza. Mstari wa 16 wenyewe unaleta mashahidi wawili au watatu.

Turudi ofisini kwa nahodha. Maonyo yamekwisha, Worf ameruhusiwa kuondoka. Data anamwambia kwamba anasikitika ikiwa amevunja urafiki wao. Worf anajibu kwamba aliyeuhatarisha urafiki ni yeye, si Data, na kwamba kama Data atalisamehe jambo hili, angependa kuendelea kumhesabu kuwa rafiki. Data anasema naye angependa hivyo. Wanarudi kazini.