Siku moja maishani mwangu: kuhamisha mashine ya mwisho kwenda Ceph

Saa 11:30 alfajiri

Kabla sijanawa uso nimeshafungua simu kuangalia hali ya klasta yetu ya Ceph, yaani kundi la seva zinazotunza data za wateja kwa pamoja. HEALTH_OK, maana yake iko salama. Usiku kucha ilikuwa inakagua diski zake, kazi inayoifanya yenyewe kila wiki: inasoma kila kipande cha data na kukilinganisha na nakala zake kwenye seva nyingine. Leo tunahamisha mashine pepe (kompyuta ya kiprogramu inayoendeshwa ndani ya seva) ya mwisho iliyobaki kwenye storeji ya zamani, nayo ni ya uhasibu. Tuliiacha mwisho kwa makusudi, kwa sababu ndiyo isiyovumilia mchezo.

Naishi Kimara, ofisi yetu iko Posta, hapa Dar es Salaam. Tunawatunzia watu seva zao: shule, maduka ya dawa, chama cha akiba na mikopo, wasafirishaji wa mizigo. Basi la mwendokasi la alfajiri bado lina nafasi ya kusimama, na huko ndiko nilikopitia mpango wa siku.

Saa 2 asubuhi

"Shikamoo mzee." "Marahaba, leo mapema." Nasaini kitabu cha mlinzi, nachukua ufunguo wa chumba cha seva.

Kwenye raki ya kushoto kuna ile storeji ya zamani, boksi la kibiashara lenye kontrola mbili, yaani vidhibiti vya diski zake. Nalisemea ukweli wake: kwa kasi halikuwahi kutuangusha. Kilichotushinda ni masharti. Diski isiyo na alama ya muuzaji ilikataliwa na programu yake ya ndani, hata ikiwa imetoka kiwanda kilekile. Diski ikifa tunaandika barua pepe, tunasubiri majibu, diski inapanda ndege, inakaa forodhani, na muda wote huo data za wateja zinaendeshwa na kundi la diski lililopungukiwa. Mkataba wa matengenezo unalipwa kwa dola wakati wateja wetu wanalipa kwa shilingi. Kisha ikaja taarifa kwamba modeli yetu inafikia mwisho wa kuhudumiwa na tununue mpya.

Raki ya kulia ina seva tano za kawaida. Juu yake tumeweka Proxmox VE, mfumo wa mashine pepe uliotoka Vienna, Austria, mwaka 2008, na ndani yake Ceph inaziunganisha diski zote za seva hizo kuwa storeji moja. Zote mbili ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote.

Saa 3 asubuhi

Kijana wa field, mwanafunzi aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo, amefika. Ana maswali mengi, nami nampenda kwa hilo.

"Kaka, orodha ya kuonyesha data ipi iko diski gani, kwenye seva ipi, imekaa wapi?"

Hakuna orodha. Mashine inayotaka kipande cha data inachukua jina la kipande hicho na ramani ya klasta, inapiga hesabu iitwayo CRUSH, inapata diski tatu zinazokibeba, na inakwenda huko moja kwa moja bila kumuuliza mtu wa katikati. Hiyo ndiyo sehemu ya Ceph ninayoiona ya kipaji kuliko zote. Sage Weil aliianza akiwa mwanafunzi wa uzamivu Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, na andiko lake likatoka mwaka 2006.

Ramani yenyewe inatunzwa na programu za usimamizi, moja katika kila seva. Hapo ni wengi wape: kati ya tano lazima tatu zikubaliane, la sivyo klasta inasimama. Akaniuliza kwa nini isimame badala ya kuendelea na zile zilizobaki. Kwa sababu kebo ikikatika katikati, kila upande ungejiona ndio mkubwa, ukaandika yake, na hakuna wa kuja kuzipatanisha hizo data baadaye.

Saa 4 na robo

Arifa. Diski moja kwenye seva ya tatu imekufa kabisa.

Nikamwambia kijana asiguse kitu, atazame tu. Ceph ilisubiri dakika 10, maana huenda diski imepotea kwa muda tu. Zilipokwisha ikaitoa kwenye hesabu na kuanza kutengeneza upya nakala zilizokuwa ndani yake, ikizisoma kutoka kwa wenzake na kuzigawa kwenye diski nyingi kwa wakati mmoja. Kule kwenye boksi la zamani diski moja ya akiba ndiyo ingebeba mzigo wote wa kuandikwa upya, nasi tungekaa roho juu. Hakuna mteja aliyepiga simu.

Kabatini tulikuwa na diski ya akiba ya kampuni tofauti kabisa na ile iliyokufa. Kijana akaichomeka, tukaisajili, ikapokelewa. Hiyo tu ingenitosha kuwa sababu ya kuhama.

Nina kanuni moja: haihamishwi mashine yoyote klasta ikiwa ya njano, yaani ikiwa bado inaonya. Kwa hiyo tunasubiri.

Saa 6 mchana

Kikao na mkurugenzi na dada wa uhasibu. Dada alikuja na karatasi zake.

"Tumenunua terabaiti 100. Wewe unasema tuhesabu 28. Zingine zimekwenda wapi?"

Ni swali la haki na kila anayetaka kuhama anapaswa kulijibu kabla hajanunua. Kila data ina nakala tatu kwenye seva tatu tofauti, hapo 100 inakuwa 33. Ikijaa asilimia 85 Ceph inaanza kuonya, kwa sababu inahitaji nafasi ya kujiponya diski ikifa kama ya leo. Hapo ndipo inabaki 28. Wapo wanaoweka nakala mbili ili kubana matumizi. Mimi sitakubali. Seva moja ikiwa chini kwa matengenezo na diski ya upande wa pili ikafa saa hiyohiyo, umeshapoteza data ya mtu.

Nikamweleza pia kwamba huria haina maana ya bure. Fedha za mkataba wa zamani zimekwenda kwenye swichi mbili za gigabiti 25 kwa sekunde (vifaa vinavyoziunganisha seva kwa mtandao), diski za akiba, mafunzo, na ada ya mwaka ya Proxmox ili tupate masasisho yaliyopimwa zaidi. Tofauti ni kwamba sehemu kubwa ya fedha hiyo imebaki kuwa ujuzi wa watu wetu.

Mkurugenzi akauliza: "Na hao walioitengeneza wakifunga duka?"

"Mama, duka limeshabadili wenyewe." Kampuni ya mwanzo ya Ceph, Inktank, ilinunuliwa na Red Hat, kampuni ya programu huria, mwaka 2014, na Red Hat ikanunuliwa na IBM mwaka 2019. Msimbo uliendelea kuwa wazi. Tangu 2018 kuna Ceph Foundation chini ya Linux Foundation, taasisi isiyo ya faida, na CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Geneva, wanaitumia tangu 2013. Hakuna mnunuzi anayeweza kutuzimia kile ambacho tayari kiko mikononi mwetu.

Saa 7 mchana

Wali maharage kwa mama lishe.

Saa 8 mchana

Klasta imerudi kijani. Narudia vipimo vya `fio`, programu ya kupima kasi ya storeji, kwa ajili ya uhasibu: maandishi (vipande vya data vinavyoandikwa kwenye diski) ya kilobaiti 4, moja baada ya jingine, kila moja likisubiri kuthibitishwa.

Hapa Ceph haishindi, na anayekwambia vinginevyo hajapima. Boksi la zamani linapokea andiko kwenye kumbukumbu yenye betri na kujibu papo hapo. Ceph inalipeleka andiko kwa diski ya kwanza, ile inalituma kwa mbili nyingine kupitia mtandao, na jibu linarudi zote tatu zikishaandika. Mashine nyingi zikiandika kwa pamoja klasta inalipita boksi kwa mbali, lakini programu moja inayoandika mstari na kusubiri itauhisi huo mwendo.

Ndiyo maana diski zina umuhimu kuliko prosesa. Tulizijaribu SSD (diski zisizo na sehemu inayozunguka) za kawaida za kompyuta mpakato kwenye maabara, na maandishi haya yaliyothibitishwa yakawa ya kukatisha tamaa. SSD za seva zina kapasita ndani yake, vihifadhi vidogo vya umeme, za kumalizia kuandika umeme ukikatika, kwa hiyo zinaweza kujibu mapema bila kudanganya. Kwa jiji ambalo jenereta huwaka mara kwa mara, nunua hizo au usianze kabisa.

Vipimo vya leo vinatosha. Ripoti ya mwisho wa mwezi itachelewa kidogo, na dada wa uhasibu amekubali kwa maandishi.

Saa 11 jioni

Wahasibu wamefunga vitabu. Bakapu imechukuliwa, na tumeirejesha kwenye mashine ya majaribio kuhakikisha inafunguka. Kisha naanza kuhamisha diski mashine ikiwa inaendelea kufanya kazi: QEMU, programu inayoendesha mashine pepe ndani ya Proxmox, inanakili vipande vya zamani kwenda Ceph, na kila kipande kinachobadilika wakati huo kinanakiliwa tena hadi pande zote mbili zilingane.

Kijana alikaza macho kwenye asilimia. Nikampa daftari la zamu aandike kila hatua na saa yake.

Saa 2 usiku

Asilimia 100, imehama. Tukaingia ndani ya mashine tukaendesha `fstrim`, amri inayoijulisha storeji nafasi zisizotumika, na nafasi iliyokuwa imeshikwa bure ikarudi kwenye klasta. Dada wa uhasibu akaingia kutoka nyumbani, akafungua ankara, akaandika: "Iko sawa."

Boksi la zamani litabaki limewashwa kwa wiki mbili, halafu tutafuta data zote kwenye diski zake kabla halijatoka kwenye jengo. Barua ya kutohuisha mkataba imeshasainiwa. Kesho saa 2 asubuhi tunazima swichi moja ya gigabiti 25 kwa makusudi kuona kama ya pili inabeba mzigo wote, na kijana wa field ndiye atakayeongoza zoezi.