Wiki sita zinaanza kuhesabiwa lini?

Nilipopeleka ombi la kubadilisha pasipoti yangu iliyokaribia kuisha muda, karani alinikabidhi risiti yenye namba ya ombi na kunieleza kwa upole kwamba kazi hiyo huchukua wiki sita. Nilirudi nyumbani nikatia alama kwenye kalenda. Siku ya 42 ilipowadia nilifungua ukurasa wa kufuatilia maombi, nikakuta neno lilelile lililokuwapo tangu wiki ya pili: "Linashughulikiwa." Nilihitaji siku nyingine 11, na safari mbili za kwenda kupanga foleni dirishani, ili kutambua kwamba mimi na ofisi hiyo tulikuwa tukihesabu wiki tofauti.

Mimi nilianza kuhesabu siku niliyokabidhi fomu, ilhali wao walianza siku tisa baadaye, ombi lilipotolewa ndani ya bahasha na kuingizwa kwenye mfumo. Isitoshe, hesabu yao ilisimama siku ya 20, ombi lilipowekwa kando kwa sababu herufi moja ya jina la baba yangu kwenye cheti cha kuzaliwa haikulingana na ile iliyo kwenye kitambulisho. Hakuna aliyenipigia simu wala kuniandikia kunijulisha jambo hilo. Kwenye ukurasa wa kufuatilia, ombi linalofanyiwa kazi na ombi lililolala kwenye faili la "yenye kasoro" yalikuwa yakionyeshwa kwa neno moja, na hilo ndilo lalamiko langu kubwa kuliko hata ucheleweshaji wenyewe.

Tofauti hii ya hesabu haifichwi kila mahali. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, ambayo ndiyo inayotoa pasipoti za nchi hiyo, hueleza waziwazi kwamba muda inaoutangaza hauhusishi siku za posta, na kwamba ombi linaweza kuchukua hadi wiki mbili kufika na pasipoti hadi wiki mbili nyingine kumrudia mwombaji. Hivyo mtu aliyetangaziwa wiki sita hadi nane alipaswa kujiandaa kwa 12, ingawa ni wachache wanaosoma tangazo hadi sentensi hiyo.

Baada ya hapo nilianza kujiuliza mrundikano wenyewe hutoka wapi, na kwa nini hauishi hata msimu wa safari unapopita. Tuseme ofisi ina uwezo wa kukamilisha maombi 1,000 kwa siku na hupokea idadi hiyohiyo. Kisha kwa siku 40 za kazi inapokea 1,500 kila siku, halafu hali inarudi kama zamani. Wengi wetu hudhani foleni nayo itakwisha, lakini yale maombi 20,000 yaliyozidi yatabaki palepale, kwa kuwa kila siku yanaingia 1,000 na kutoka 1,000. Anayepeleka ombi mwaka mmoja baadaye atasubiri siku 20 za kazi kwa sababu ya haraka za watu asiowajua, ambao huenda wameshasafiri na kurudi. Hata ofisi ikiajiri watu wa kutosha kumaliza maombi 100 zaidi kila siku, itahitaji siku 200 za kazi kufuta deni hilo, na hiyo ni takribani miezi tisa.

Uingereza ililiona hili mwaka 1999. Kuanzia Oktoba 1998 watoto ambao hawakuwa wameandikwa kwenye pasipoti za wazazi walitakiwa kuwa na pasipoti zao wenyewe, na wakati huohuo idara husika ilikuwa ikihamia kwenye mfumo mpya wa kompyuta ambao ulipunguza kasi ya kazi badala ya kuiongeza. Kufikia Juni 1999 maombi yapatayo 565,000 yalikuwa yakisubiri. Simu zilikuwa hazipokewi, kwa hiyo watu walikwenda ofisini wenyewe, wakapanga mistari barabarani huku mvua ikiwanyeshea, na serikali ikalazimika kuruhusu pasipoti za zamani ziongezewe miaka miwili bila malipo kwenye ofisi za posta. Wakaguzi wa hesabu walipopitia gharama za mkasa huo walikuta humo pauni 16,000 zilizotumika kununua miavuli ya watu waliokuwa foleni. Nadhani ni nadra kwa hesabu za serikali kusimulia kisa vizuri namna hiyo.

Marekani nayo ilizidiwa mwaka 2007, baada ya wanaoingia nchini kwa ndege kutoka Kanada, Meksiko na Karibiani kutakiwa kuwa na pasipoti kuanzia Januari mwaka huo. Pasipoti za watu wazima nchini humo hudumu miaka kumi, maana yake ni kwamba umati uliokimbilia madirishani mwaka 2007 ulipangiwa kurudi mwaka 2017. Mrundikano wa aina hii hujulikana tarehe yake mapema kabisa. Ule wa baada ya janga la UVIKO-19 ulikuwa wa namna nyingine: watu walikaa nyumbani bila kuhuisha pasipoti, kisha mipaka ilipofunguliwa wakajitokeza kwa pamoja, na Uingereza ikawa inawashauri waombaji wajipe wiki kumi pale ambapo zamani ilikuwa ikiwaambia tatu.

Kwa msafiri, hesabu hizi huungana na kanuni nyingine ambayo wengi huikumbuka wakiwa tayari uwanja wa ndege: nchi nyingi humtaka mgeni awe na pasipoti yenye angalau miezi sita ya uhai. Pasipoti ya miaka kumi basi hutumika kwa uhakika miaka tisa na nusu tu. Ukiongeza wiki za foleni, za posta na za herufi isiyolingana, siku ya kuanza kujaza fomu inasogea karibu mwaka mzima nyuma ya tarehe iliyochapishwa.

Pasipoti yangu niliipata siku ya 78 tangu nikabidhi fomu. Nilipofungua ukurasa wa picha nilitazama kwanza jina la baba, ambalo safari hii lilikuwa sahihi, kisha tarehe ya kutolewa, nikakuta kwamba kitabu kilikuwa kimekamilika siku nane kabla ya ujumbe wa kuniita. Nikatoa siku za bahasha, nikatoa na zile ambazo ombi lilikuwa limewekwa kando hadi niliporekebisha ile herufi. Kwa hesabu ya ofisi, nilihudumiwa ndani ya wiki nne.