Tulivyomsubiri korongo nyangumi Ziwa Sagara

Tulitoka Tabora saa kumi alfajiri, mwezi Septemba, watu kumi na wanne ndani ya Kosta: walimu wawili, wanafunzi wa sekondari, muuguzi mstaafu anayependa ndege kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, na mimi. Darubini zilikuwa tano. Mimi ni mzaliwa wa Tabora. Mabani ya tumbaku ya Urambo nayajua, mizinga ya nyuki kwenye miombo naijua, lakini Ziwa Sagara sikuwahi kulitia machoni. Urambo tulipita bado giza, Kaliua kunapambazuka, na Nguruka, tukiwa tumeshaingia Mkoa wa Kigoma, tukanywa chai na maandazi ya moto. Hapo tukaiacha lami, tukashika njia ya vumbi.

Njiani mwalimu wa baiolojia akatueleza tunakokwenda. Ardhi oevu ya Malagarasi-Muyovozi ndiyo ya kwanza Tanzania kuingia katika orodha ya Ramsar, mwaka 2000, na ina ukubwa wa hekta zipatazo 3,250,000. Ramsar ni mji wa Iran ulikotiwa saini mkataba wa kulinda maeneo ya namna hii mwaka 1971. Ziwa Sagara ni kipande tu cha eneo hilo. Maji ya Malagarasi yanashuka kutoka upande wa Burundi, yanatanda kwenye mbuga na mafunjo, yanatulia, yanaacha tope lake humo, ndipo yanakwenda kumwagika Ziwa Tanganyika. Nilikula dagaa wa Kigoma miaka yote bila kujua kwamba maji yanayoingia ziwani kwao yamepita huku kwanza.

Kwenye kambi ya wavuvi alitupokea mzee mmoja mwembamba, suruali imekunjwa hadi magotini.

"Shikamoo mzee," tukamwamkia kwa pamoja.

"Marahaba wanangu. Mmemfuata yule wa mdomo?"

Ndiyo, tulikuwa tumemfuata yeye: korongo nyangumi, ndege wa kijivu mwenye mdomo mpana kama kiatu cha mbao, anayemfikia mtu kifuani kwa kimo. Mzee akasema twende mapema kabla upepo haujaamka, tusizamishe mikono majini kwa sababu ya mamba, na tukisikia kiboko akipumua tukae kimya yeye aamue.

Tuligawana mitumbwi mitatu. Kwenye matete hakuna kafi. Mzee alisimama nyuma akisukuma kwa pondo, taratibu, mtumbwi ukateleza juu ya majani ya yungiyungi. Muuguzi alitufundisha kuhesabu: usihesabu ndege mmoja mmoja kundi linaporuka, tenga kumi kwa jicho, uone kumi hizo zinaingia mara ngapi katika kundi zima. Mimi nilipewa daftari. Yangeyange, kwarara, mwari, mdiria wa madoa meusi na meupe aliyesimama hewani akipiga mabawa kabla ya kujitupa majini. Kwazi, tai mla samaki, alilia juu ya mti mkavu, kichwa kakirudisha nyuma mpaka karibu kigusane na mgongo.

Kisha mzee akazuia mtumbwi. Mbele yetu, hatua nne hivi, kulikuwa na ndege wa rangi ya kahawia mwenye paji la buluu, vidole virefu kupita kiasi, anatembea juu ya majani kama mtu anayepita kwenye mkeka. Nyuma yake vifaranga vitatu vyepesi kama pamba. Kivuli cha kwazi kilipopita, alichuchumaa, akafungua mabawa kidogo, vifaranga vikajisukuma ndani, naye akainuka na kuondoka nao. Chini ya kila bawa ilining'inia miguu, mirefu na myembamba kama njiti. "Huyo ni baba," muuguzi akanong'ona. "Mama hutaga akaenda zake kwa dume mwingine. Kuatamia na kulea ni kazi ya baba." Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu alisahau kurudisha darubini kwa mwenzake, wala mwenzake hakuidai.

Korongo nyangumi tulimwona karibu saa nne, mbali, ukingoni mwa mafunjo. Nilidhani ni kisiki. Mzee akatueleza kwa nini anasimama pale: kiangazi maji yanapopungua, kambale hukosa hewa chini, hupanda juu kuivuta, na yeye yuko pale pale anamngoja. Tulingoja pamoja naye dakika arobaini. Hakugeuza hata shingo. Halafu mwili mzima ukaanguka mbele, mabawa wazi, na alipoinuka mdomo ulikuwa umejaa magugu yanayochuruzika maji. Akauchezesha mdomo, magugu yakadondoka kidogo kidogo pembeni, akabaki kambale peke yake. Sikumbuki kama nilipumua.

Wakati wa kurudi tukapita karibu na kipande cha wavu wa nailoni kilichonasa kwenye matete, mabaki tu, ameyatupa mtu asiyeyahitaji tena. Ndani yake kulikuwa na mnandi, amekufa, uzi umezunguka shingo na bawa moja. Mzee aliupachika pondo kwenye tope, akatoa kisu, akaukata wavu wote mpaka uzi wa mwisho, akaukunja na kuuweka miguuni pake. Ilimchukua muda mrefu. Mitumbwi mingine miwili ilitungoja. Nailoni haiozi, akasema. Ule wavu ungeendelea kuvua miaka na miaka, bila mvuvi.

Kambini tukasoma hesabu. Mwalimu akasema kwa kawaida tunaandika walio hai tu.

"Na yule je?" mzee akauliza. "Yeye hakuwa wa hapa?"

Mwalimu akanitazama, akatikisa kichwa kukubali. Nikaandika: mnandi, 46. Chini yake nikaongeza mstari mwingine: mnandi, 1, ndani ya wavu.